Mlio wa Spika Iliyotoboka

Mwaka ule Wazungu walipokataa samaki wa ziwani, wakisema wamevuliwa kwa sumu, ghala la samaki la Wanyange, nje ya Jinja, lilinyamaza. Barafu iliyeyuka, malori yakaacha kuja, wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani mpaka wasikie neno. Aliyebaki ni mlinzi peke yake. Kila asubuhi Obura alikuja, akaketi kwenye kiti chake cha plastiki karibu na geti, akalinda harufu.

Alikuwa mtu wa hamsini na kitu, mzaliwa wa upande wa Tororo, aliyetumikia magereza tangu ujana wake hadi serikali ilipopunguza watu ikampunguza na yeye. Uchovu wake haukuwa wa siku moja. Ulikuwa umemwingia polepole, kama unyevu unavyoingia ukutani, na sasa alikuwa nao hata akiamka. Watu wa Wanyange walimjua kama mzee wa geti. Hakuna aliyejua kwamba zamani, bendi ya askari jela wa Jinja ilipopiga, ni yeye aliyekuwa akishika gitaa la mbele.

Basi asubuhi moja akaja mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa suruali na viatu vya vumbi. Akapiga goti kidogo mbele ya kiti, kama afanyavyo mtoto aliyelelewa vizuri.

"Baba Obura, unanikumbuka?"

Obura alimtazama kwa muda. "Uso hapana. Sauti ndiyo. Ni ya Nanyama."

"Ni mama yangu. Mimi ni Racheal, wa Matia."

Obura akainuka kitini. Matia alikuwa mwimbaji wao. Walikaa nyumba moja ya mabati katika kambi ya magereza, ukuta mmoja katikati, na huyu Racheal alikuwa akitambaa kutoka mlango huu hadi ule. Bendi ilipovunjika Matia alirudi kwao Mbale, na miaka ikapita bila wao kuonana.

"Matia mzima?"

"Yuko, baba. Koo ndilo lililomsumbua. Walimpasua Kampala, uvimbe ukatoka, ila sauti imeondoka nao. Sasa ananong'ona tu."

Obura akaketi tena. Aliangalia ziwa, akaangalia mikono yake.

"Anataka nini kwangu?"

"Anataka nyimbo zenu zirekodiwe. Anasema gitaa likiwapo inatosha. Maneno atayasikia mwenyewe kichwani."

"Vidole hivi vimezoea makufuli, mama. Na amplifaya yetu iliibwa wakati wa vita."

"Mimi ninayo nyingine. Inaiga."

"Inaiga nini?"

"Amplifaya nyingine zote."

Obura akacheka, kicheko kifupi kilichomshangaza mwenyewe. Alisema atafikiri. Jioni alimweleza mkewe Norah, akitumaini atamzuia. Norah alikuwa akichambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Nenda. Kwani hapa unalinda nini?"

*

Nyumba ya Matia ilikuwa Wanale, karibu na Mbale, chini kabisa ya mlima, mahali ambapo jua huchelewa kufika kwa sababu ya ule mwamba uliosimama kama ukuta. Matia alimpokea mlangoni. Alikuwa amekonda, kitambaa kimezungushwa shingoni, lakini alisimama wima kama mtu anayekaguliwa.

"Afande," alinong'ona. Ilikuwa kama mtu anayepuliza makaa.

"Afande," alijibu Obura, na wakashikana mikono, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia.

Matia alikuwa Mgisu, Obura Mpadhola. Hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja ila Kiswahili, tena kile cha kambini, kilichokatwa hapa na kuungwa pale. Watu wengi wa kizazi chao walikichukia Kiswahili kwa sababu mara ya kwanza walikisikia kwenye mdomo wa mwenye bunduki. Wao wawili walikipenda. Ndicho walichotungia nyimbo.

Studio ya Racheal ilikuwa chumba cha nyuma, kilichokuwa zamani cha kuwekea mahindi. Alikuwa amebandika trei za mayai ukutani na kuziba dirisha kwa blanketi. Alisomea ufundi wa umeme Eldoret, na sasa alitengeneza kompyuta za watu mjini Mbale; usiku na Jumapili alirekodi kwaya. Juu ya meza ilikaa kompyuta kuukuu isiyo na kifuniko, matumbo yote nje. Chini yake, kwenye sakafu, amplifaya nyeusi yenye ukubwa wa kreti ya soda.

Obura aliinama kuitazama kwa nyuma, akitafuta zile taa za kioo ambazo zamani zilikuwa zikiwaka rangi ya chungwa na kumuunguza vidole. Hakuziona.

"Haina taa," Racheal alimwambia. "Ndani kuna kompyuta ndogo. Walioiunda waliipima tabia ya amplifaya za zamani moja moja: hii ukiizidishia sauti inakoroma, hii inalia kama kengele, hii inachelewa kidogo kabla ya kujibu. Wakaiandika tabia hiyo kwa hesabu. Ukipiga uzi, inahesabu: amplifaya ile ingesemaje? Inasema hivyo hivyo."

"Na hii nyingine?" Obura alionyesha kompyuta ya mezani.

"Hii inarekodi. Na inaiamuru ile. Diski iliyokuja na amplifaya ni ya kompyuta za aina nyingine. Mimi natumia Linux."

"Nani?"

Racheal akatabasamu. "Linux. Ni programu ambayo watu wa dunia nzima wanaiandika na kugawiana bure. Mwalimu wangu wa Eldoret alinipa CD yake. Nikaandika programu ndogo ya kwangu. Ona, waya huu mmoja unatoka kwenye kompyuta unaingia nyuma ya amplifaya. Nikibonyeza mshale hapa, kule chini ni kama mtu amezungusha kitufe. Hata vile vitufe ambavyo havipo kwa nje."

Obura aliitikia kwa heshima, ingawa kichwa kilikuwa kimemjaa. Alichotaka ni kuketi. Nanyama, mama wa Racheal, alileta chai, na gitaa jekundu lililoazimwa kanisani likawekwa pajani mwake.

Lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka. Akalipatanisha nyuzi, polepole, sikio karibu na mbao. Kisha akapiga.

Vidole havikuwa vimesahau. Vilikuwa vimechoka tu, kama yeye mwenyewe, vikafika kila mahali kwa kuchelewa kidogo. Matia, kwenye kiti mbele ya kompyuta, alifumba macho.

Halafu kazi ikaanza. Racheal alimwonyesha baba yake ile mishale ya kibodi, na Matia akaanza kubonyeza. Obura alipiga mstari mmoja wa gitaa. Matia akasikiliza, akatikisa kichwa, akabonyeza. Sauti ikabadilika, ikawa nene kama uji. Akatikisa kichwa. Ikawa kali, ikawa ya kuvimba, ikawa ya mbali kama gitaa lililotumbukia kisimani. Akatikisa kichwa. Asubuhi nzima ilikwenda hivyo.

"Zote nzuri," alisema Obura mwishowe, jasho likimtoka. "Chagua moja, afande. Mi mgongo umekwisha."

"Siyo hizi," Matia alinong'ona.

"Unatafuta gani?"

Matia alibonyeza tena. Umeme ukakatika, wakala ugali na malewa, yale machipukizi ya mianzi, ambayo Nanyama alikuwa ameyapika kwa simsim, na Racheal akawasha jenereta nyuma ya nyumba. Wakarudi. Sasa Matia alikuwa amemshika binti yake mkono, akimwelekeza kwa ishara: punguza huku chini. Inua katikati. Zaidi. Kisha akasugua kidole gumba juu ya kucha, sauti ndogo ya kukwaruza, akamtazama Racheal usoni.

Racheal alielewa. Akatafuta katika programu yake, akaongeza mkwaruzo kidogo, si kwenye noti yote, ila kwenye mkia wake tu, pale inapoanza kufa.

"Piga sasa, baba Obura."

Obura akapiga.

Ilitoka. Haikufanana tu, ilikuwa yenyewe: amplifaya yao ya magereza, ile ya kijani, yenye spika iliyotoboka, inayolia mwishoni mwa kila noti kama nyuki ndani ya debe. Matia aliruka kitini. Mdomo wake ulikuwa wazi, macho yamejaa machozi na furaha, mkono umeinuka hewani kama alivyokuwa akiuinua zamani kabla ya kuingia na ubeti wa kwanza.

Obura alilaza gitaa sakafuni, taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kinachoweza kulipuka. Akainuka, akatoka nje.

*

Racheal alimkuta ameketi kwenye jiwe la kufulia, nyuma ya jikoni. Jenereta ilikuwa bado inanguruma, akaizima. Kimya kikarudi, na sauti za watu waliokuwa wakipalilia huko juu kwenye mteremko.

"Nimekukosea, baba?"

"Hapana, mama. Wewe fundi. Umefanya kazi mpaka imezidi."

Racheal akaketi chini kwenye majani. Baadaye Obura akaanza kusema, bila kumwangalia.

"Magidu unamkumbuka?"

"Jina tu. Nilikuwa mdogo."

"Alikuwa wa besi. Msoga wa Budondo. Mtu wa kuchekesha sana. Siku moja, ile miaka ya wanajeshi, tuliitwa kwenda piga muziki kambini kwao, kwenye mesi ya maofisa. Mchana. Wanakula, sisi tunapiga. Wakaja wawili wakamwita Magidu kwa kidole. Akaweka besi chini, akaniambia, 'Shikilia wimbo, narudi.' Ofisa mkubwa akasema ongeza sauti. Nikaongeza. Akasema bado. Nikafika mwisho. Akasema, 'Msiache mpaka niseme.' Basi hatukuacha. Wimbo ule ule, unaisha, tunaanza tena, mpaka jua likashuka. Baba yako akaimba mpaka koo likatoa damu. Magidu hakurudi. Siku ile wala nyingine."

Alikuna goti lake.

"Mpaka leo sijui walimpeleka mbali ama alikuwa hapo hapo nyuma ya ukuta. Kama aliita, mi sikusikia. Nilichosikia ni spika tu. Inakwaruza, inakwaruza. Ndiyo imenijaa hapa." Akajigusa sikio. "Nikisikia mlio ule, ni saa ile ile. Sina nguvu ya kurudi huko, Racheal. Nimechoka."

Mlango wa jikoni ulilia. Matia alikuwa amesimama hapo na kigoda mkononi, alikuwa amesikia. Akaja akakiweka karibu na jiwe, akaketi, magoti yao yakagusana. Ili asikike ilibidi ainame kabisa, mdomo kwenye sikio la mwenzake, lakini Racheal alikuwa karibu na aliyapata yote.

"Spika ilitobolewa na nani?"

"Ilipasuka yenyewe. Kwenye lori, tukienda Kamuli."

"Hapana. Magidu."

Obura akageuka.

"Na sindano ya kushonea magunia," Matia alinong'ona, akivuta pumzi kila baada ya maneno machache. "Mi nilishika tochi. Alisikia gitaa la Wakongo redioni, linakwaruza kidogo, akasema letu safi mno, kama la shule ya Jumapili. Akatoboa. Alikuogopa. Amplifaya ilikuwa mali ya serikali, na sahihi ilikuwa yako."

Kuku alipita kati ya miguu yao, akadonoa kitu, akaenda zake.

"Mshenzi," alisema Obura mwishowe, na alilisema kwa upole sana. "Niliandikiwa barua ya onyo kwa ajili ya spika ile."

"Alicheka siku nzima."

"Najua. Nilifikiri anacheka kitu kingine."

Mabega ya Matia yalitikisika. Ndivyo alivyocheka sasa, bila sauti. Kisha akatulia. "Mimi nikisikia ule mlio, namwona na sindano. Anacheka. Sina kwingine pa kumwona. Hana hata kaburi."

"Na mimi nasikia siku ile."

"Mlio mmoja."

"Mmoja. Nakuamini, afande. Habari ya sindano nimefurahi kuijua. Lakini siwezi kupiga huku nausikia. Mkono unakataa."

Matia hakumsihi. Alimfahamu vya kutosha. Wazee wawili wakabaki wameketi, wameinamisha vichwa, kila mmoja amechoka kwa namna yake, na Racheal akawaacha, akaingia ndani kumsaidia mama yake kuosha vyombo. Nanyama alimwambia tu, "Usiwalazimishe. Baba yako siku zake si nyingi, na huyu naye siku zake zilikwisha kuchukuliwa."

*

Asubuhi iliyofuata, wakinywa chai, Racheal alisema ana wazo.

"Baba Obura, gitaa linaweza kuingia kwenye kompyuta moja kwa moja, bila kupita kwenye amplifaya. Litarekodiwa likiwa uchi, nyuzi tupu. Wewe hutasikia mkwaruzo wowote. Baadaye, ukishaondoka, kompyuta itapiga ile ile uliyopiga, naitoa kwa waya, naiingiza kwenye amplifaya kana kwamba wewe umeketi pale na gitaa. Amplifaya haitajua tofauti. Sauti inayotoka, narekodi mara ya pili. Hapo baba atachagua mlio anaoutaka."

Obura aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo mi napiga mara moja."

"Mara moja."

"Na mlio unakuja nikiwa Jinja."

"Ukiwa Jinja."

Alimtazama Matia. Matia alikuwa akimtazama yeye, bila kuomba, akisubiri tu.

"Haya," alisema Obura.

Haikuwa rahisi kama ilivyosemwa. Kompyuta ilikuwa kuukuu, na kila ilipoandika kwenye diski yake ilipoteza kipande kidogo cha sauti. Mahali pake pakawa na mlio wa "tak", kama ukucha kwenye meza. Wimbo wa kwanza Obura aliupiga vizuri kuliko alivyotegemea, na ulipomalizika Racheal alisikiliza kwenye hedifoni, akafumba macho kwa uchungu. Tak. Tak. Akaomba msamaha. Obura akaupiga tena. Tak.

"Mashine yako ina kikohozi," alisema Obura.

Racheal alizima kila kitu ambacho kompyuta ilikuwa ikikifanya pembeni. Alizima hata picha za kioo, ukabaki weusi na maandishi meupe. Akaiambia Linux kwamba kazi ya kurekodi ipite mbele ya kazi nyingine zote, na hilo likamlazimu kuuandaa upya moyo wa ile programu, kazi iliyoila kompyuta asubuhi yote huku feni ikilia. Wazee walilala kwenye mkeka barazani. Obura alisinzia, na aliposhtuka aliona Matia amelala ubavu, mkono umekunjwa chini ya shavu, shingo na kovu lake nje. Alionekana mdogo. Obura alikivuta kile kitambaa akamfunika.

Alasiri Racheal aliwaita. Safari hii mashine haikukohoa.

Obura alipiga nyimbo zote walizokuwa nazo, ila ule mmoja wa siku ya mesi. Bila amplifaya, gitaa la umeme ni kitu kidogo sana. Lilisikika kama mvua nyembamba juu ya majani. Chumbani ilisikika pumzi ya watu, na mguu wa Obura ukipiga sakafu. Matia aliketi mbele yake, goti kwa goti. Midomo yake ilikuwa ikienda. Hakutoa sauti yoyote, lakini Obura aliyasoma maneno, akamngojea mwisho wa mistari kama zamani alipokuwa akivuta pumzi, na alipoufikia ubeti ambao Matia alipenda kuurudia, naye aliurudia. Kulikuwa na mahali, katika wimbo mmoja wa harusi, pa besi peke yake. Obura alisimamisha mkono. Waliihesabu nafasi ile kwa vichwa, wote wawili, kisha akaingia tena.

Ulipokuwa umebaki ule mmoja, akalaza kiganja juu ya nyuzi.

"Ule hapana?" aliuliza Racheal.

Matia alitikisa kichwa kabla ya Obura kujibu. "Ule tulishaupiga vya kutosha," alinong'ona.

Siku ya tatu Obura aliondoka. Walishikana mikono tena mlangoni, na safari hii Matia alikuwa wa kwanza kuachia, kwa sababu alihitaji mkono huo kujishikia mlango.

*

Samaki walikubaliwa tena Ulaya, malori yakarudi Wanyange, na Obura akawa na kitu cha kulinda. Racheal alituma salamu mara mbili kwa watu waliokuwa wakija Jinja. Mara ya kwanza alisema baba yake anakaa chumba cha nyuma mchana kutwa, anabonyeza mishale, anasikiliza, anatabasamu. Mara ya pili alisema mzee hawezi tena kukaa, amemsogezea spika kitandani. Ya tatu haikuwa salamu. Obura aliomba ruhusa, akavaa koti alilonunuliwa na Norah kwa ajili ya kanisa, akaenda Mbale kuzika.

Watu walikuwa wengi. Wengine walikuwa askari jela wa zamani, wenye mvi, waliosimama kwa mstari bila kuambiwa. Mchungaji aliomba, ndugu wakasema yao kwa Kigisu. Obura, ambaye hakuelewa hata nusu, alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya turubai, pembeni. Hapo ndipo Racheal alipomjia. Macho yalikuwa mekundu, lakini alisema kwa utulivu.

"Baba Obura, aliacha neno kwamba wimbo upigwe akishushwa. Ule wa harusi. Kwa mlio wake, unajua upi. Nimeweka spika kubwa pale. Nimekuja kukwambia mapema ili upate muda wa kutembea. Ukifika kwenye kijito kule chini hutasikia."

Obura alimshukuru. Aliangalia njia ya kwenda kijitoni. Ilikuwa na mteremko, na utelezi, na magoti yake yalikuwa yamemuuma tangu Jinja.

"Nitakaa," alisema.

"Una hakika?"

"Sina. Lakini nitakaa."

Wakaanza kushusha jeneza kwa kamba. Racheal aliinama kwenye meza yake, akabonyeza, na gitaa likatoka likajaa mteremko wote. Lilikuwa lake, mkono ulikuwa wake, aliujua jinsi ulivyochelewa kwenye kona. Na mwishoni mwa kila noti kulikuwa na yule nyuki ndani ya debe.

Saa ile ya mesi ilikuja. Hakudanganyika kwamba isingekuja. Aliona meza, sahani, kidole cha yule mtu kikiita. Mikono yake ikashika ukingo wa benchi. Wimbo ukaendelea. Ukafika mahali pa besi, pale alipokuwa amesimamisha mkono, na spika ikabaki na mvumo wake mtupu, kwaru kwaru, hakuna noti. Katika nafasi ile, akijilazimisha, Obura alimtafuta kijana mwenye sindano ya magunia na mwenzake mwenye tochi. Aliwapata kwa shida. Hakuwaona vizuri, hakuwapo siku hiyo. Lakini alikisikia kicheko, kwa kuwa kicheko kile alikijua, na kwa miaka yote hii hakuwa amekikumbuka hata mara moja.

Gitaa likaingia tena. Mzee mmoja, askari wa zamani, alimgusa bega.

"Afande, spika hii imepasuka. Nimwambie yule binti aizime?"

"Wacha," alisema Obura. "Imekaa sawa."

Wimbo ulipokwisha wanaume walichukua majembe na makoleo. Obura naye aliinuka, akavua koti, akalikunja akaliweka kwenye benchi, akaingia kwenye foleni ya kufukia. Alipopata zamu yake alitupa udongo mpaka pumzi ikamwishia, na kijana wa ukoo akaja kumpokea koleo. Hakubisha. Nanyama alimwita jikoni, akampa sahani na mahali pa kuegemea mgongo. Alikula kidogo. Kabla hajamaliza alikuwa amelala, ameketi vile vile, sahani magotini, na Nanyama akawakataza watu kumwamsha.